Viza ya Ethiopia kwa mtandao: anza na ile mistari miwili ya chini ya paspoti yako



Tangu tumalize lisansi, mialiko ya kwenda Addis Ababa inaingia kila wakati mu makundi yetu ya WhatsApp. Si ajabu. Kule kuko makao ya Umoja wa Afrika, kuko Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, na kuko kampasi ya ILRI, ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ambayo makao yake makuu ni Nairobi. Semina za udongo, mbegu, ufugaji na mabadiliko ya tabia nchi haziishi. Na kila mwaliko ukifika, swali linalofuata ni lile lile: "Nani anajua mtu wa kunifanyia viza?"

Leo nataka kueleza kama hauhitaji mtu wa kukufanyia. Ethiopia ilifungua viza ya mtandao mwezi wa 6 wa 2018, na fomu yake si ngumu kwa mtu aliyeandika memwari ya lisansi. Kinachotuangusha sisi Wakongomani ni kitu kingine: majina yetu ya sehemu tatu, fomu ya Kiingereza tunayoisoma na macho ya Kifaransa, na haraka. Ukishaelewa hayo matatu, kazi yenyewe ni ya saa moja.

Kwanza: je, unahitaji viza?

Usilipe kitu kabla ya kujibu hili swali. Nchi yetu iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu mwezi wa 9 wa 2023 Kenya iliondoa viza kwa Wakongomani. Kama semina yako iko Nairobi, mtu anayekuomba pesa ya "viza ya Kenya" anakula pesa yako bure. Lakini Ethiopia haiko mu Jumuiya ile. Ni nchi jirani ya Kenya, lakini ina sheria zake.

Tena, kama unapita tu Addis Ababa kubadilisha ndege, na hautoki nje ya uwanja, viza hii haikuhusu. Inayokuhusu ni ile ya nchi unayoishia.

Kuna pia watakaokuambia: "Mwafrika anapata viza palepale akifika." Kweli, Ethiopia ilitangaza jambo hilo mwaka 2018. Lakini milango ya namna hiyo inafunguliwa na kufungwa bila sisi wa Lubumbashi kupata habari. Na mtu wa kwanza anayeweza kukuzuia si afisa wa kule, ni mtu wa kaunta ya ndege hapa Luano. Kampuni ya ndege ikimpeleka mtu ambaye anakataliwa, njo yenyewe inamrudisha, na mara nyingi inalipa faini. Juu ya ile, mtu wa kaunta haangalii huruma, anaangalia karatasi. Ni vizuri ufike na kibali chako mkononi.

Majina: hapa njo tunaangukia

Mnajua historia. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya Authenticité, serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kizungu, na postinomu ikaingia mu karatasi zetu. Baadaye prenomu zikarudi, lakini postinomu haikutoka. Ndiyo sababu leo Mkongomani ana nomu, postinomu na prenomu. Kwetu ni kawaida. Fomu ya Ethiopia, sawa fomu nyingi za dunia, iko na nafasi mbili tu kubwa: "Surname" na "Given Name".

Mtu aliyesoma kwa Kifaransa akiona "Surname", kichwa kinamwambia "surnom", ni kusema jina la utani. Wengine wanaacha nafasi ile, wengine wanaandika pale postinomu, wengine prenomu. Hapana. "Surname" ni jina la ukoo. "Given Name" ni jina ulilopewa, sawa prenomu.

Sasa postinomu inaenda wapi? Usiulize rafiki, usiulize mtu wa siberi. Uliza paspoti yenyewe. Fungua ukurasa wenye foto yako, angalia chini kabisa. Kuko mistari miwili ya herufi kubwa na alama nyingi za <. Ile mistari njo mashine inasoma. Imepangwa kwa kanuni moja kwa dunia yote, kila mstari nafasi 44.

Mstari wa kwanza unaanza na P, ni kusema paspoti, kisha COD, ambayo ni nchi yetu. Baada ya COD kunafuata majina. Kanuni ni hii: alama moja ya < ni nafasi tu kati ya maneno. Alama mbili pamoja, <<, ni mpaka. Kilicho mbele ya mpaka kinaenda mu "Surname". Kilicho nyuma ya mpaka kinaenda mu "Given Name".

Tuchukue mfano wa kubuni. Kama mstari unasema KASONGO<MWAMBA<<JEANNE, basi "Surname" ni KASONGO MWAMBA, na "Given Name" ni JEANNE. Kama unasema KASONGO<<MWAMBA<JEANNE, basi "Surname" ni KASONGO peke yake, na "Given Name" ni MWAMBA JEANNE. Ni mtu mmoja, ni majina yale yale, lakini kwa mashine ni jibu mbili tofauti. Wewe hauchagui. Paspoti imekwisha kuchagua.

Kwa wale wenye majina marefu sana: nafasi 44 zinaweza kuisha na jina likakatwa mwishoni. Hapo unaandika jina lote sawa linavyosomeka juu ya ukurasa, lakini unaheshimu ule mpaka.

Na tiketi ya ndege? Ni vilevile. Jina la tiketi, jina la viza na jina la paspoti yawe kitu kimoja.

Sisi wa agronomia tunaelewa jambo hili vizuri. Ukichukua sampuli ya udongo Kipushi ukaibandika etiketi ya Kasenga, maabara inaweza kuwa nzuri namna gani, matokeo yatakuwa ya shamba lisilokuwepo. Mashine haikosei. Inajibu juu ya etiketi uliyoipa.

Mstari wa pili, na Congo mbili

Mstari wa pili wa chini una namba ya paspoti mu nafasi 9 za kwanza. Ile tarakimu ya 10 si ya namba yako, ni ya mashine kujihakikishia. Usiinakili. Kisha inafuata tena COD, kisha tarehe ya kuzaliwa kwa kuanza na mwaka: mtu aliyezaliwa tarehe 14 mwezi wa 3 wa 1997 ataona 970314. Mbele kidogo kuko tarehe ya mwisho wa paspoti, kwa mpango ule ule.

Kama namba yako inaanza na O, jua ni herufi O, si sifuri. Tarakimu za nyuma yake, zile za duara, ni sifuri. Mtu akichanganya hizi mbili, namba inakuwa ya paspoti ambayo haijatengenezwa.

Fomu ikikuomba nchi, itafungua orodha ndefu. Kuko Congo mbili mu orodha. Moja ni ya Brazzaville, ambayo alama yake ni COG. Yetu ni COD, na mara nyingi imeandikwa "Congo, Democratic Republic". Mu simu ndogo, kidole kinagusa ile ya kwanza bila wewe kuona. Rudi uangalie mara mbili: mu uraia, mu nchi ya kuzaliwa, na mu nchi iliyotoa paspoti.

Tarehe nazo: Angalia kama fomu inaanza na siku au na mwezi. 04/07 inaweza kuwa tarehe 4 mwezi wa 7, au tarehe 7 mwezi wa 4. Kama kuko kalenda ya kubonyeza, bonyeza kalenda, usiandike na mkono.

Fomu yenyewe, hatua kwa hatua

Tovuti ya serikali ya Ethiopia ni evisa.gov.et. Soma anwani kutoka nyuma: .et ni Ethiopia, .gov ni serikali. Kuko tovuti nyingi zenye bendera ya Ethiopia na maneno "visa" na "ethiopia" mu anwani, lakini zinaishia na .com au .org. Zile ni biashara za watu. Zingine zinakuombea viza kweli lakini zinaongeza bei yao juu, na zingine zinachukua tu namba ya karti yako. Ukitafuta mu Google, ya kwanza kuonekana inaweza kuwa tangazo la kulipiwa. Andika anwani wewe mwenyewe.

Kabla ya kufungua tovuti, tayarisha vitu vyote pembeni, juu umeme unaweza kukatika na koneksio inaweza kuanguka katikati ya fomu:

– Paspoti ambayo itakuwa na miezi 6 au zaidi ya uhai, kuhesabu kutoka siku utakayoingia Ethiopia.

– Picha ya ukurasa wenye foto. Weka paspoti mezani karibu na dirisha, mchana, bila flashi. Pembe zote 4 zionekane, ile mistari miwili ya chini isomeke, na kidole chako kisiwe juu yake. Ukiweza kufanya skani, ni bora zaidi.

– Foto yako ya karibuni, mgongo mweupe, uso wote wazi. Selfi ya kwenye harusi haifai.

– Jina na anwani ya hoteli au ya mahali utakapolala.

– Barua ya mwaliko, kama unaenda mu semina.

– Imeli yako wewe mwenyewe, ambayo unajua neno lake la siri.

– Karti ya benki inayokubali kulipa mu intaneti.

Andika majibu yote kwanza mu kaye, kisha unakili mu fomu. Inaonekana sawa kazi ya watoto, lakini mtu mwenye kaye hajazi kwa kubahatisha.

Jambo la kwanza fomu inakuuliza ni aina ya viza. Ya utalii iko ya siku 30 na ya siku 90. Lakini viza ya utalii ni ya utalii: haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Kwa mikutano na semina kuko aina yake, na inaomba barua ya wale wanaoandaa. Waandikie wenyeji wako mapema, uwaulize kwa maneno wazi: "Mnataka niombe viza ya aina gani, na mtanipa barua gani?" Wale wanaoalika watu kila mwaka wanajua jibu. Usiache mtu wa siberi akuchagulie.

Kisha fomu inauliza tarehe ya kuingia. Hapa mufanye angalisho, juu siku za viza zinaanza kuhesabiwa kutoka ile tarehe uliyoandika, hata kama wewe bado uko Lubumbashi. Andika siku ndege inatua, si siku inaruka. Ndege ya usiku inaweza kukufikisha kesho yake. Na kama semina imesogezwa mbele, hesabu tena kabla ya kusafiri.

Mwisho, malipo. Hapa wenzetu wengi wanakwama, juu pesa zetu ziko mu simu na fomu inataka namba za karti ya Visa au Mastercard. Benki nyingi za kwetu zinatoa karti ya kujaza pesa mbele, hata kwa mtu asiye na mshahara mkubwa. Ukichukua, waombe waifungue kwa malipo ya intaneti na ya nje ya nchi, na uweke dola kidogo zaidi ya bei juu ya gharama za benki. Bei yenyewe imeandikwa mu tovuti kwa dola, iangalie siku ile unaomba. Na ujue: pesa ile hairudi, hata viza ikikataliwa, hata kama jina liliandikwa vibaya. Juu ya ile, kabla ya kubonyeza kulipa, soma ukurasa wa muhtasari kwa sauti, paspoti ikiwa wazi mbele yako. Ukiwa na ndugu nyumbani, mmoja asome fomu, mwingine afuate mu paspoti.

Muda wa kungojea ni kama siku 3 za kazi, lakini usihesabu kwa kubana. Ethiopia iko na kalenda yake na sikukuu zake. Noeli yao ni tarehe 7 mwezi wa 1, Timkat inaangukia tarehe 19 au 20 ya mwezi ule ule, mwaka wao mpya ni tarehe 11 au 12 mwezi wa 9, na Meskel inafuata karibu na tarehe 27. Siku hizo biro zinafungwa. Mimi ninashauri wiki 3 mbele ya safari.

Juu ya nini usimpe mtu mwingine imeli yake

Mwenzetu mmoja wa promosheni alialikwa Addis Ababa kwa mafunzo ya wiki moja juu ya mbegu za muhogo. Tiketi ililipwa na wenyeji. Komisionere mmoja akamwambia: "Leta tu paspoti na mia mbili, mi njo nitafanya yote." Yule bwana akajaza fomu na imeli yake yeye mwenyewe. Viza ikatoka, ikaingia mu imeli ya komisionere. Akaomba dola zingine 50 juu ya "kuitoa". Mwenzetu akalipa. Alipopata karatasi, ilikuwa siku ya safari, hakuisoma. Mu kaunta wakaona postinomu haiko, na prenomu iko mahali pa jina la ukoo. Hakupanda ndege.

Hasara si dola 250 peke yake. Nafasi ile ilikuwa ya mtu mmoja kutoka Haut-Katanga, na haikupata mtu mwingine. Wale wenyeji mwaka uliofuata hawakuandika tena kwetu. Mtu mmoja anakwama Luano, na mlango unafungwa kwa wengine wanaomfuata.

Sisemi makomisionere wote ni wezi. Nasema kama imeli ni ya mtu mwingine, basi viza ni ya mtu mwingine mpaka atakapotaka. Hata ukisaidiwa, imeli iwe yako, na namba ya ombi unayopewa mwishoni uiandike mu kaye. Kwa namba ile unaweza kufuata ombi lako mu tovuti. Ukingojea na hakuna kitu, angalia pia mu spamu.

Viza ikifika

Ni barua ya PDF. Kitu cha kwanza, kabla ya kuiposti mu grupu na mikono ya kushukuru, weka paspoti pembeni na ulinganishe: majina, namba, uraia, tarehe ya kuzaliwa, tarehe za viza. Ukiona kosa, hata la herufi moja, usifute na usirekebishe PDF mu kompyuta. Hiyo inakuwa karatasi ya uongo, na mu mashine yao jina bado ni lile la kwanza. Andikia huduma ya tovuti, au omba upya kama muda unaruhusu.

Toa nakala 2 za karatasi. Simu inaweza kuzimika, na mu uwanja usitegemee intaneti. Na ukumbuke: viza hii ya mtandao inakubaliwa kwa kuingia kupitia uwanja wa Bole, pale Addis Ababa. Usipange kuingia kwa bisi kutoka Kenya na karatasi hii.

Kuko tena karti ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa mtu anayetoka Congo itaombwa. Chanjo inahesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku 10, kwa hiyo kuchanjwa siku moja mbele ya safari hakusaidii. Kama ulichanjwa zamani na karti bado iko, hauhitaji kurudilia: tangu mwezi wa 7 wa 2016, cheti kile ni cha maisha yote. Usikubali mtu akuuzie "kurenuvele".

Mwisho, viza ni ruhusa ya kufika mlangoni. Afisa wa Bole bado anaweza kukuuliza unaenda kufanya nini, unalala wapi, unarudi lini. Chukua mkononi barua ya mwaliko, anwani ya mahali utalala na tiketi ya kurudi. Jibu kwa ufupi na kwa kweli. Kiingereza chako kikiwa kidogo, karatasi zitakusaidia kusema.

Wandugu, hata wale ambao hawana mwaliko leo, fungueni paspoti zenu jioni hii. Angalieni mambo matatu: inaisha lini, ule mpaka wa << uko wapi mu jina lako, na karti ya manjano iko wapi mu nyumba. Mwaliko mara nyingi unakuja ukiwa na wiki 4 peke yake, na yule anayejua majibu haya matatu anaweza kujaza fomu siku ile ile.